Jina Lako Liandikwe Kabla Mzigo Haujaondoka

Mambo ya kufanya na kutofanya kwa wenye kuuza nguvu zao Kasongo na Kabambare

Gunia la bati linalotoka Maniema, mashariki mwa Kongo, lina heshima kuliko mtu aliyelichimba. Linafungwa lebo ya plastiki yenye namba, namba inaingizwa daftarini, na kwa namba hiyo gunia linafuatwa toka shimoni mpaka ghalani, toka ghalani mpaka kwenye mitambo ya kuyeyushia ya ng'ambo, ili mwenye kiwanda cha simu au kompyuta ajue limetoka wapi. Aliyelitoa ardhini hana namba popote. Akivunjika mguu, hakuna daftari linaloonyesha alikuwa kazini kwa nani. Akizeeka, hakuna ofisi itakayouliza habari zake.

Hali hii ni ya zamani. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliweka makao Kasongo katika miaka ya 1870, na Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara ya kwenda Ujiji na pwani. Pembe za ndovu zilizopita njia hiyo zilipimwa kwa frasila na kuuzwa Unguja, na nyingi za soko lile ziliishia Connecticut, Marekani, zikachongwa kuwa vibonye vya piano. Waliozibeba mabegani, wengi wao watumwa, majina yao hatuyajui. Baadaye Wabelgiji walileta pamba ya lazima, kisha wakafungua machimbo ya bati na dhahabu. Kila zama mzigo ulikuwa na karatasi yake, na mtu hakuwa nayo.

Ndiyo maana karibu kila agizo hapa chini linarudi kwenye jambo moja: jina lako liandikwe. Mengi ya haya ni sheria ya Kongo. Asiyeyafuata asidhani anabishana na mwandishi.

USIANZE KAZI BILA KARATASI

Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwajiri aandike mkataba. Iandikwe kazi yenyewe, mshahara, mahali na tarehe ya kuanza. Atakwambia, "Sisi tunajuana, mimi na baba yako ni ndugu." Vema. Kama ni ndugu, hatashindwa kuandika jina la mtoto wa ndugu yake.

Akikataa na shida imekubana, ingia kazini, lakini jua kwamba haki yako haijafa. Mfanyakazi asiye na maandishi anaruhusiwa kuthibitisha mkataba wake kwa njia yoyote ya halali: mashahidi, ujumbe wa simu, kadi ya kuingilia getini, orodha ya zamu. Na mkataba usioandikwa huchukuliwa kuwa wa muda usio na mwisho mpaka mwajiri aonyeshe vingine. Basi usifute ujumbe. Usitupe kadi. Yule msimamizi anayekutumia neno "kesho njoo saa kumi na mbili" amekupa ushahidi; utunze.

HESABU SIKU ZAKO

Hili ndilo agizo ninalolisisitiza kuliko yote kwa vijana wa kibarua cha siku, wale wanaochukuliwa kwenye kazi za barabara, kwenye ujenzi wa shule na vituo vya afya, au kushusha mizigo kwa matajiri wa Kasongo na Salamabila. Mwajiri anapenda neno "jurnalie", kwa sababu mtu wa siku huondoka jioni na madai yake yote. Sheria hairuhusu mchezo huo uendelee milele. Ukishafanya siku ishirini na mbili ndani ya miezi miwili kwa mwajiri yuleyule, naye akakuchukua tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, mkataba mpya unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Kuanzia hapo wewe si mtu wa kufukuzwa kwa kuambiwa tu "leo hakuna kazi". Unastahili taarifa ya kuachishwa na sababu ya haki.

Waajiri wengi wanaijua hesabu hii vizuri. Ndiyo maana utaona kibarua anapumzishwa ghafla, kisha anaitwa tena kwa jina la utani au kwa jina la kaka yake. Usikubali kuandikwa kwa jina lisilo lako. Nunua kijitabu cha franka chache, kila jioni andika tarehe, kazi uliyofanya, jina la aliyekusimamia na kiasi ulicholipwa. Usiyejua kuandika, mpe mtoto wako wa shule akuandikie, naye atajifunza jambo ambalo hakuna darasa linalomfundisha.

USIPOKEE MAKUTA BILA HESABU YA MAANDISHI

Kila malipo yafuatane na karatasi inayoonyesha umelipwa kwa siku zipi, kiasi gani, na kimekatwa nini. Malipo yawe kwa fedha halali ya nchi. Chumvi, sabuni, mchele na bia si mshahara. Ukilipwa kwa simu, usifute ujumbe wa muamala, na siku simu ikianza kufa nakili ujumbe kwenye kijitabu chako.

Ujue pia kima cha chini. Mwaka 2018 serikali ilikipandisha kuwa franka 7,075 kwa siku kwa kibarua wa kawaida, na tangu hapo kimepanda tena. Muulize mkaguzi wa kazi kiwango cha leo kabla hujatamka bei yako. Anayekulipa chini ya hapo hakusaidii, hata akikuita mwanangu.

USIAMINI KWAMBA KAMPUNI KUBWA HAIANGUKI

Wazee wa Maniema wanaikumbuka SOMINKI. Ilizaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za bati na dhahabu za Kivu na Maniema, na katika vituo vyake kulikuwa na nyumba, shule, hospitali na posho. Watu waliiona kama serikali. Kisha Oktoba 1985, mbali huko London, baraza la kimataifa lililokuwa likishikilia bei ya bati liliishiwa fedha, bei ikaporomoka, na pigo likafika Kalima, Punia na Kampene. Maelfu walipoteza kazi katika miaka iliyofuata, na mwaka 1997 kampuni ikafungwa rasmi. Wafanyakazi wake walibaki wakidai hesabu zao za mwisho mwaka baada ya mwaka, wengine wakazikwa wakidai. Hakuna mchimbaji wa Maniema aliyekuwa kwenye kikao cha London. Deni la kikao kile ndilo walilolilipa.

Halafu ikaja Banro ya Kanada, iliyorithi machimbo ya dhahabu ya SOMINKI, na katika Kabambare ikafungua mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila. Uzalishaji wa kibiashara ulitangazwa Januari 2016. Desemba 2017 Banro ilikuwa mbele ya mahakama ya Ontario ikiomba kinga dhidi ya wadai wake. Mwaka 2019, baada ya mashambulizi na utekaji wa wafanyakazi, kazi ilisimamishwa Namoya.

Tazama jinsi jambo lile lilivyokwenda. Waliokopesha mamilioni walikuwa na mikataba, mawakili na jalada mahakamani. Mpishi wa kambi, mlinzi wa geti, dereva wa mkandarasi mdogo wanahitaji kitu hichohicho kwa kipimo chao: karatasi inayosema nilikuwa hapa, ninadai kiasi hiki. Kampuni inapoanguka, anayelipwa ni anayeweza kuonyesha. Basi kusanya karatasi zako wakati kampuni ingali inacheka.

Na kama umeajiriwa na mkandarasi mdogo, andika pia jina la kampuni iliyompa yeye kazi. Sheria ya kazi inakuruhusu kumgeukia mkandarasi mkuu pale yule mdogo anaposhindwa kulipa. Wengi hupoteza haki hiyo kwa sababu hawajui hata jina la aliye juu.

ULIZA NAMBA YAKO YA CNSS, SI KESHO, LEO

CNSS ni mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, zamani ukiitwa INSS. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayotawala hifadhi ya jamii. Mchango wote ni asilimia 18 ya mshahara: mwajiri anatoa 13, wewe unakatwa 5. Ile 5 yako na 5 ya mwajiri ni za pensheni, 6.5 ni za posho ya familia, na 1.5 ni za ajali na magonjwa ya kazini. Ukiona umekatwa na huna namba, uliza kwa maandishi fedha imekwenda wapi. Kumkata mfanyakazi na kutopeleka mchango ni wizi, na nitauita kwa jina hilo popote.

Ukiumia kazini, usirudi nyumbani kujikanda maji moto kwanza. Ajali iripotiwe, iandikwe, na daktari au muuguzi aandike kwamba umeumia kazini. Muuguzi akiandika "alianguka" bila kusema wapi, mrudie aongeze mahali.

USINGOJE

Dai la mshahara hufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipostahili kulipwa. Madai mengine mengi ya mkataba wa kazi hufa baada ya miaka mitatu. Nimewasikia watu wazima wakisema, "Bosi ameahidi atatulipa dhahabu ikipanda." Dhahabu imepanda mara nyingi. Ahadi ya mdomo haisimamishi kalenda.

Njia ni hii. Kwanza mwandikie mwajiri, ubaki na nakala yenye saini ya aliyeipokea. Asipojibu, nenda kwa mkaguzi wa kazi, hata kama ni safari ya pikipiki mpaka Kindu, makao ya mkoa. Changeni nauli, mtume wawili wenye karatasi za wote. Sheria inataka shauri lipite kwake kwa usuluhishi kabla ya kufika mahakamani, naye ataandika kama mmepatana au mmeshindwa. Msiondoke bila karatasi hiyo, kwa kuwa ndiyo inayofungua mlango wa mahakama.

SHIMONI: KUBALIANENI KABLA YA KUSHUKA

Wachimbaji wadogo hawana mwajiri kwa maana ya ofisini. Wana PDG, yaani mwenye shimo, anayetoa chakula, mitalimbo, mbao na pampu, kisha mali ikitoka anakata gharama zake kwanza na kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Mara nyingi hakibaki kitu. Miezi inapita mnaondoa maji na udongo, deni la unga linapanda, na siku mshipa unapopatikana hesabu inasomwa na mtu mmoja kutoka kichwani mwake.

Kabla hamjashuka, kaeni chini naye mkubaliane mbele ya mashahidi, na kila neno liandikwe: gharama zitaandikwa na nani, bei ya kila kitu kinacholetwa shimoni, mgawo wa kila mmoja, mali itauzwa wapi na nani atakuwepo wakati wa kupima. Chagueni mmoja wenu ashike daftari la pili. PDG mwaminifu hatakasirika. Daftari lile linamkinga naye siku ya ugomvi.

Lipo swali ambalo watu wanaona haya kuliuliza, nami nasema liulizwe la kwanza: shimo likiporomoka, nani atagharamia hospitali, nani atagharamia mazishi, na mjane atapewa nini? Mtu anayeona haya kulijibu kabla ya msiba atajificha baada ya msiba. Jibu lake liandikwe pamoja na majina ya watoto wenu.

Kadi ya mchimbaji ichukuliwe kila mwaka, na mjiunge na koperative iliyokubaliwa na serikali. Sheria ya madini kama ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inataka hivyo. Shimo lisizidi mita 30. Msimtegemee Mungu kwa kazi ya mbao: udongo wa juu ukilegea baada ya mvua, tokeni, na asiyetaka kutoka avutwe. Mtumishi wa SAEMAPE, idara ya serikali ya wachimbaji wadogo, kazi yake ni kuwashauri na kuwafunza namna ya kuchimba salama. Akifika kuchukua fedha tu na kuondoka, andikeni jina lake na tarehe, mpeleke kwa wakubwa wake.

USIMPELEKE MTOTO

Kusiwe na maelezo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 16, na machimboni hata wa miaka 17 hana ruhusa. Kigezo cha serikali cha mwaka 2012 kinakinyima rangi ya kijani, yaani ruhusa ya kuuza, kituo chenye watoto, wajawazito au watu wenye silaha, kwa hiyo anayemwingiza mtoto wake anawafungia soko wenzake wote. Lakini hata kama soko lisingefungwa: kifua cha mtoto wa miaka kumi hakikuumbwa kwa vumbi la mawe.

ZEBAKI ISIINGIE JIKONI

Msichome dhahabu yenye zebaki ndani ya nyumba, wala kwenye sufuria mtakayopikia sombe kesho. Mvuke wa zebaki unaingia mapafuni na kushambulia mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama. Chomeni mbali na nyumba, mahali ambapo upepo hauwapelekei watu mvuke, kwa chombo kilichofunikwa kinachorudisha mvuke kuwa zebaki. Mama mjamzito asiwe karibu. Mama anayetwanga mawe na kuchekecha unga wake afunge kitambaa chenye maji puani, na apumzike.

KWA WANAWAKE WALIOAJIRIWA

Likizo ya uzazi ni wiki 14, na malipo yake ni theluthi mbili ya mshahara. Kufukuzwa kwa sababu ya mimba hakuna nafasi katika sheria. Anayekwambia "utarudi mtoto akikua" akuandikie maneno hayo kwenye karatasi, uone kama mkono wake utakubali.

KWA WAAJIRI WA HAPA HAPA NYUMBANI

Tukiwalaumu wageni wa Toronto na London, tuseme pia kuhusu nyua zetu. Msichana anayelala jikoni kwa mfanyabiashara wa Kasongo, anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri na kulala baada ya wote, naye ni mfanyakazi. Sheria ya kazi inamhusu mtumishi wa nyumbani pia. Kumleta kutoka kijijini kwa ahadi ya shule kisha kumpa vyombo ni uongo aliofanyiwa mzazi wake. Mlinzi wa usiku ana haki ya siku ya kupumzika kama karani. Saa za kazi ni 45 kwa wiki. Anayezidishiwa alipwe ziada.

Mashirika, parokia, misikiti na shule nazo zisijifiche nyuma ya neno "kujitolea". Mtu anayefika kila asubuhi, anayepewa amri na anayekatwa akichelewa, ameajiriwa. Mwalimu asiyelipwa na serikali, ambaye wazazi wanamchangia kikombe cha mchele, anafanya kazi ya taifa, na deni lake liko kwa taifa. Jina lake lipelekwe, lirudiwe kupelekwa, mpaka liingie kwenye orodha ya malipo.

USIMWITE MWENYE BUNDUKI AKUDAIE MSHAHARA

Salamabila imeona jambo hili kwa karibu. Wachimbaji walioondolewa kwenye vilima walivyovizoea walikuwa na malalamiko ya kweli, na vijana wa kundi lenye silaha la Mai-Mai Malaika walisema wanayapigania. Wafanyakazi wa mgodi walitekwa mwaka 2017 na tena 2019. Kazi ikafungwa, askari wakaongezeka, na mama waliokuwa wakiuza chakula kwenye kambi wakakosa wateja. Mwenye bunduki hadai mshahara wako. Anadai fungu lake, na atakapolipata hatakuandikia risiti.

Katiba ya mwaka 2006 inakupa njia nyingine: kifungu cha 38 kinalinda sendika, cha 39 kinalinda mgomo. Chagueni wajumbe wenu kwa kura, gomeni kwa kufuata utaratibu, simameni pamoja, dereva na mpishi na fundi. Mgomo wa watu mia wenye barua moja huwatia waajiri hofu kuliko risasi, kwa kuwa hauwapi sababu ya kuleta jeshi.

LIKELEMBA IWE NA DAFTARI

CNSS haiwafikii wachimbaji wadogo, wasukuma baiskeli za mizigo, wauza mawese wala walimaji wa mpunga. Hapo tunashikana wenyewe: likelemba za kuchangiana kwa zamu, AVEC za kuweka na kukopa, mutuelle za afya. Sheria ya Februari 2017 inazitambua mutuelle, basi ziandikisheni. Kasongo inajua kupanga afya. Mradi wa huduma za msingi ulioanza hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970 pamoja na madaktari wa Antwerp ulisomwa na wataalamu wa nchi nyingi. Kinachokosekana leo ni mchango wa kudumu na mweka hazina asiyekopesha sanduku kwa shemeji yake. Funguo tatu, watu watatu, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi.

KWA WANAOTUNGA MASHARTI MBALI NA HAPA

Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuwataka wenye kampuni waeleze madini yao yanatoka wapi. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, serikali ya Kinshasa ilisimamisha uchimbaji Kivu na Maniema mpaka Machi 2011. Nusu mwaka mzima watu walikaa bila kipato, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba walipwe chochote. Ulaya nayo ilianza kutumia kanuni yake mwaka 2021. Nia ya kumnyima mwenye silaha fedha ninaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini msitupime gunia tu. Kwenye fomu ileile inayouliza kama kuna askari shimoni, ulizeni kama mchimbaji ana bima ya ajali, kama amelipwa, kama mbao zimewekwa. Na bei ikipanda, sehemu ya nyongeza ipelekwe kwenye mfuko wa matibabu wa kituo chenyewe.

Nasi huku tudai kilicho chetu tayari. Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Wenye mji wanaoishi karibu na mgodi wowote utakaofunguliwa Kabambare waombe kuuona mkataba wa ahadi hizo, wasome kila mstari, na wajue nani ameweka saini kwa niaba yao.

SIKU YA KWENDA KWA MKAGUZI, BEBA HIVI

Kijitabu chako cha siku. Nakala ya barua uliyomwandikia mwajiri. Karatasi za malipo, na kama huna, ujumbe wa simu uliochapishwa au kunakiliwa. Majina ya mashahidi wawili walio tayari kufika. Cheti cha muuguzi kama uliumia. Kadi ya uchaguzi. Nakala mbili za kila kitu, moja ibaki nyumbani kwa mtu unayemwamini, wala usimwachie yeyote karatasi ya asili, hata akiwa amevaa suti.